Mrija Nilioung'oa Mbele ya Wakwe

Anayewaambia habari za pombe leo ni mpika pombe, na mlijue hilo mapema ili asiyependa aondoke. Nimepika urwarwa, pombe yetu ya ndizi, tangu nikiwa na mtoto mgongoni mpaka siku nilipofunga kilabu kwa mikono yangu mwenyewe. Kama mlikuwa mnamtafuta mtu ambaye hajawahi kuonja, wapo wengi hapa mtaani, na wana mabenchi mazuri ya kukalia. Mimi nimeonja, nimeuza, nimefukuza watu kilabuni kwangu na wengine nimewashika mkono mpaka kwao. Sitamwomba mtu yeyote radhi kwa kazi iliyowasomesha wanangu.

Nawaambia ninyi vijana wa Gitega, na ninyi wa Muyinga mnaokuja huku likizo na kujifanya mmezaliwa mjini. Nawaambia kwa ajili ya mdogo wangu Salvatori. Siku ya posa ya binti yangu Janine, watu wazima wenye heshima zao walimwekea Salvatori mbele yake pombe ambayo ingemuua, na sote tulikuwa tumevaa nguo nzuri na kutabasamu. Nitafika huko. Lakini kwanza mnijue nilikuwa nafanya kazi gani, la sivyo mtasema bibi huyu alipandwa na wazimu tu siku moja.

Mimi nilikulia Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia. Tuliporudi tulipata kipande cha shamba Buhinyuza, karibu na mpaka, mimi na mume wangu na Janine akiwa bado mchanga. Mume wangu hakukaa sana duniani. Nikabaki na migomba, na migomba haikuulizi kama una huzuni. Inaiva tu.

Aliyenifundisha alikuwa jirani, Mama Sesiliya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alinionyesha jinsi ya kuchimba shimo la kuivishia, kulitandika majani ya mgomba, na kuwasha moto pembeni ili joto liingie pole pole. Ndizi zikiiva unazimenya, unaziweka kwenye gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, unazikamua kwa majani makavu ya ishinge, yale majani makali ya porini, mpaka maji yatoke. Maji hayo matupu ni mutobe, matamu, hata mtoto anakunywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa na ukafunika, kesho yake ndiyo pombe. Kazi yote iko kwenye mikono na kwenye usafi. Hakuna siri nyingine, ingawa sisi wapikaji tunapenda kujifanya ipo.

Nilikosea mara ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimepika maharage kwa mawese, nikapangusa mikono kwenye kitenge changu, nikaja kukamua. Maji yakatoka kidogo, yamechafuka, na pombe yake ikalala pale bila povu. Nilitaka kuimwaga kabla hajaja mtu. Mama Sesiliya akakataa. Akawaita majirani wote, akanisimamisha karibu na mtungi, na kila aliyeonja nikalazimika kumweleza mwenyewe kwa nini pombe yangu ina ladha ya maharage. Mzee mmoja aliuliza kama nitaleta na sahani. Tangu siku hiyo nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, hata nikienda kanisani.

Mama Sesiliya alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, anayeuza ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili wote wajue hakuna ubaya ndani. Ya pili alinipa siku moja baada ya kumnyima pombe mtu mzima aliyekuja asubuhi, na mimi nikashangaa kwa sababu mtu huyo alikuwa mteja mzuri.

“We Generoza,” akaniambia, “mtu akifika hapa, akaomba pombe mbele ya kusalimia watu, ule iko mgonjwa. Mpe maji. Muulize watoto yake iko aje. Akikasirika, bon, akasirike.”

“Na asiporudi?”

“Atarudi. Wagonjwa iko narudi siku zote. Ni we ndo utachagua utamupa nini.”

Mwanamke yule hakuwahi kukaa darasani hata wiki, na mimi bado sijasikia mtu anayeeleza ugonjwa ule kwa maneno machache zaidi.

Nilihamia Gitega ndizi za Buhinyuza zilipopata ugonjwa wa kunyauka. Nikapanga nyumba mtaa wa Magarama, chumba cha kulala nyuma, chumba cha kilabu mbele. Ndizi nilikuwa naletewa kutoka Giheta kwa baiskeli, na mwenye baiskeli alikuwa Salvatori. Mngemwona wakati ule! Anateremka na mikungu imepanda mpaka juu ya kichwa chake, anapiga mluzi, wanawake wa sokoni wanamwita kwa jina. Alikuwa anakuja kwangu jioni, anakunywa pamoja na wengine, anachekesha watu, anaondoka jua likizama. Wapo wanaosema mimi ndiye niliyemharibu. Waseme. Kwangu alikunywa mbele ya watu, na saa ya kwenda nyumbani alikwenda.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwepo Mzee Shabani, fundi cherehani, Mwislamu wa familia za zamani za mjini. Miaka yote ile tulikuwa tunataniana ukutani. Akipita anaziba pua kwa kofia yake.

“Mama Janine, leo tena umepika dhambi?”

“Leo nimepika mbili, Mzee. Moja nimekuwekea.”

“Wallahi, mi hata suruali nashona hapa, mteja akivaa anayumba.”

Lakini mtu akianguka mlangoni kwangu, Mzee Shabani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha mashine na kuja kumshika miguu. Na hakuwahi kumsema mtu yule kesho yake.

Kisha kazi ikabadilika. Sijui niwaambie ilibadilika lini, kwa sababu haikuja kwa tarumbeta. Kwanza tuliona vile vifuko vidogo vya plastiki kutoka ng'ambo ya mpaka, pombe kali ya kufyonza mtu akiwa anatembea. Halafu zikaja chupa zenye picha ya ndizi ambazo ndizi haikupita hata karibu: sukari, hamira, maji, na Mungu anajua nini. Na kanyanga, gongo letu la kuchemsha, ambayo zamani ilikuwa imejificha bondeni, ikaingia mjini kwenye chupa za maji. Wapikaji wenzangu walikuja kuniambia urwarwa ni kazi ya watu wa zamani. Kwa nini uchimbe shimo, uvunje mgongo, wakati mteja anataka kulewa haraka na hajali kilichomo?

Niliwaambia mimi nawauzia watu wanaotaka kukaa pamoja. Anayetaka kulewa haraka hataki watu, hataki hata mimi. Wakacheka. Wateja wangu wengi walihama, na kwa muda nilikuwa nakaa kilabuni na wazee wachache wenye mazungumzo marefu. Sikuuza kanyanga. Hata njaa ilipokuja sikuiuza, na najua maana ya njaa, kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba watu huuza kwa sababu ya shida. Wengine wanauza kwa sababu inalipa na hawatazami anayekunywa.

Sasa ninyi mna mengine. Mna bangi ya kwenye vichochoro nyuma ya soko, mna vidonge vya hospitali ambavyo havikutoka kwa daktari, mna unga unaovutwa, ambao mnaupa majina mazuri mazuri ya mchezo. Unga huo siujui, sitajifanya naujua. Ila muuzaji namjua, kwa sababu nimekaa upande wake wa meza. Muuzaji anayekupa mara ya kwanza bure hajakupenda. Anayekuita ukiwa peke yako na ananyamaza wenzako wakifika, huyo hana kitu kizuri. Na yule anayekuambia “mwanaume gani anaogopa?” mwulize mbona yeye mwenyewe hanywi anachouza. Mama Sesiliya alikuwa anaonja kwanza. Mtazameni muuzaji wenu wa unga kama ataonja.

Salvatori alihamia kwenye kanyanga bila kutuaga. Kwanza niliona hapigi mluzi. Halafu nikaona anakuja asubuhi na kikombe anakishika kwa mikono miwili, na bado kinagonga meno. Akipata kidogo, mikono inatulia, na hapo ndipo mtu anajidanganya: anasema pombe ndiyo dawa yangu. Chakula hakimalizi. Kwenye baiskeli ana chupa ya maji ambayo hampi mtu mwingine hata kwenye jua kali. Mkiona mambo hayo nyumbani kwenu, msisubiri aanguke. Tayari ameanguka, ni vile tu bado anatembea.

Watu wakatushauri tumfungie ndani mpaka “ikauke”. Wako wengi mpaka leo wanaofanya hivyo, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Siku ya pili alianza kuona wadudu ukutani, akatetemeka mwili mzima, akakakamaa, macho yakageuka. Jirani mmoja akasema ni mapepo, mwingine akaleta maji ya baraka. Mzee Shabani akasema, “Mapepo itangoja. Leteni mkokoteni.” Tukampeleka hospitali. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku hakatishwi ghafla nyumbani, anaweza kufa kwa kuacha kama anavyoweza kufa kwa kunywa. Kuna dawa za kumshusha pole pole, na kuna wauguzi wanaojua. Hilo ningependa mlikumbuke hata mkisahau mengine yote.

Akatoka, akakaa vizuri kwa muda, akarudi tena kwenye chupa. Halafu akatapika damu, beseni zima, uani kwangu, Janine akiwa amemshika kichwa. Safari hii daktari, kijana mwenye macho ya kuchoka, alituita wote watatu na hakupamba maneno, Kifaransa chake kikiingia katikati.

“Ini yake imeharibika, donc damu inabana kwa mishipa ya hapa kooni. Imevimba. Akikunywa tena, siku yoyote inaweza kupasuka. Hata kidogo, mama. Sababu kidogo ndo inaleta nyingi.”

Salvatori akamwuliza kama anaweza kuonja tu kwenye sherehe. Daktari akaifunga faili yake.

“Muzee, mi siko polisi. Kunywa ukitaka. Mais mi sitaweza kukurudisha.”

Tukarudi nyumbani. Nilifunga kilabu wiki ile ile. Nikaacha kupika kabisa, nikabaki na mutobe tu wa kuuza kwa watoto wa shule na wamama, na mapato yakapungua mpaka aibu. Salvatori akahamia kwenye chumba changu cha mbele, pale pale palipokuwa na mabenchi ya wateja. Miezi ilipita. Alianza kunenepa shingo. Siku moja nikamsikia uani anapiga mluzi, nikakaa chini kwenye kinu nikalia, kwa furaha, sioni haya kuwaambia.

Ndipo Janine akaleta habari kwamba kuna kijana wa Giheta, na wazazi wake wanataka kuja.

Ninyi mnazijua posa zetu. Bila pombe hakuna neno linalosimama. Ukinunua shamba, pombe. Ukigombana na jirani mkapatana, pombe. Ukienda kumwona mgonjwa usiende mikono mitupu. Na baba wa msichana akiwa hayupo, anayekaa kwenye kiti chake ni ndugu wa mama au wa baba, na kwetu aliyebaki alikuwa Salvatori peke yake. Yeye ndiye angepokea.

Nikapanga mambo yangu nikijiona mjanja. Nilimwomba Mzee Shabani awe msemaji wetu, kwa sababu ana maneno na hanywi. Kwa Salvatori nikatengeneza mtungi wa mutobe, nikautia mtama kidogo uliokaangwa sana ili uwe na rangi na harufu, asubuhi ile ile, usipate muda wa kuchachuka, nikauwekea mrija. Ukiutazama, hujui. Kuhusu ugonjwa hatukuwaambia wakwe kitu. Nani anaanza kwa kusema mjomba wa bibi harusi alikuwa mlevi? Familia zote zinaficha, na sisi tukaficha.

Mimi, mpika pombe wa miaka yote ile, nikasahau jambo ambalo hata mtoto wa Buhinyuza analijua: wanaokuja kuposa ndio wanaoleta mtungi.

Walifika mchana, watu wa heshima, wamepanga mstari. Msemaji wao aliitwa Mzee Bonifasi, mwenye fimbo na koti refu. Baba wa kijana alikaa katikati, mtu mnene, mpole, na nilimwona anatokwa jasho ingawa ndani kulikuwa na baridi. Mzee Shabani akaongea vizuri, akawachekesha, akamfananisha binti yangu na ng'ombe mpaka nikataka kumrushia kiatu. Kila kitu kilikwenda. Kisha vijana wao wawili wakaingia na mtungi mkubwa wa insongo, ile pombe ya ndizi isiyochanganywa maji, wakauweka chini, na Mzee Bonifasi akachomeka mirija miwili.

“Bon,” akasema. “Maneno iko tamu, mais maneno haishike familia. Sasa wababa wawili wanywe hapa pamoja, mtungi moja. Hapo ndo tutajua tumepewa msichana.”

Akaonja mwenyewe kwanza, kama inavyotakiwa. Akarudi nyuma.

Baba wa kijana akainama haraka, akashika mrija wake. Salvatori hakuinama. Alikuwa ananitazama mimi, niliyekuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na wanawake wengine. Nilimtazama Mzee Shabani, na Mzee Shabani akajaribu.

“Wazee, baba yetu leo iko na dawa ya daktari. Tumemuandalia mtungi yake hapa, ya taratibu…”

“Dawa?” Mzee Bonifasi akacheka. “Insongo ndo dawa. Aonje tu. Hata ulimi. Ao munatuogopa? Munafikiri tumetia sumu?”

Watu wakacheka. Na kicheko kile, wajukuu zangu, ndicho kinachoua. Hakuna aliyekuwa na chuki pale. Wote walikuwa wanampenda.

Kisha nikaona mkono wa Salvatori. Watu wanapoisimulia habari hii husema nilipigana na wakwe. Mimi nilikuwa nimeuangalia ule mkono. Ulikuwa unakwenda wenyewe, umenyooka, hautetemeki hata kidogo, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeruhusiwa. Hakuwa anaona aibu kukataa. Alikuwa amefurahi kwamba amelazimishwa.

Nilivuka chumba. Mwanamke havuki chumba kile saa ile, na wala haongei. Nikauvuta mrija wake kutoka kwenye mtungi kabla haujagusa mdomo, nikasimama nao mkononi ukinidondokea kwenye nguo yangu mpya.

“Dada!” Salvatori akasema, na sauti yake sikuijua. “Unaniaibisha mbele ya watu!”

“Nakuaibisha.”

“Nirudishie.”

“Sikurudishii. Wageni wetu, mnisamehe au msinisamehe. Ndugu yangu alikuwa mlevi wa kanyanga. Ametapika damu kwenye uwanja huu. Akinywa hii anaweza kufa, na daktari ametuambia wazi. Tuliwaficha, na sasa hatuwafichi. Mutobe upo, anywe mutobe na ninyi mnywe mnachotaka.”

Mzee Bonifasi akanyanyua fimbo yake, akaishusha.

“Mama, tangu babu zetu, hakuna msichana alitoka bila ile kitu. Asipoonja, hakuna ndoa.”

“Basi hakuna ndoa.”

Nilisema hivyo huku najua Janine yuko nyuma ya pazia na anasikia kila neno. Sikugeuka kumtazama. Kama ningegeuka ningelegea, na sikutaka kulegea.

Wakasimama, wakabeba mtungi wao, wakaondoka mmoja mmoja bila kupeana mikono. Mtungi mzima ulirudi Giheta ukiwa umejaa. Mzee Shabani akavua kofia, akakaa kwenye benchi, akasema, “Mama Janine, mi nimeposa wasichana wengi. Hii ni ya kwanza kuona inavunjwa na muuza pombe.” Tulicheka, sisi wawili tu, na kicheko kiliuma.

Salvatori alikaa bila kusema nami. Alikuwa anakula chakula changu na kugeuzia uso ukutani. Janine alinijia jioni ile na macho yamevimba. Nilijua nimemnyang'anya kitu, nikamwambia anitukane akitaka. Akasema, “Mama, mi ndo nilishika kichwa yake siku ya damu. Ungemuacha akunywe, singekusamehe hata kidogo.” Kisha akalia tena, kwa sababu alimpenda yule kijana.

Magarama nzima ilinisema. Sokoni nikipita wanajifanya wanavuta mrija. Kanisani mama mmoja aliniambia ningeweza kumwacha aonje kidogo, nikaharibu heshima ya nyumba kwa sababu ya kidogo. Nikamwuliza kama anajua kaburi dogo lina upana gani. Jumapili iliyofuata alikaa benchi jingine.

Aliyekuja ni mama wa kijana. Alikuja asubuhi, peke yake, kwa miguu kutoka Giheta, na kikapu cha ndizi kichwani kana kwamba ameleta biashara. Hakukaa. Alitazama mlangoni kwanza, halafu akaniambia kwa sauti ya chini:

“Mama Janine, ile hospitali mulimupeleka ndugu yako, unaingilia mlango gani?”

Nikamwangalia, nikakumbuka jasho la mumewe na jinsi alivyouinamia mrija haraka.

“Anatetemeka asubuhi?”

“Kila siku. Watoto iko nasema ni malaria. Mi najua.”

“Msimfungie ndani. Msimkatishe ghafla.”

“Ndo nimekuja kuuliza.”

Nilivaa viatu nikaenda naye. Tulimchukua mzee wake siku hiyo hiyo, akilia na kututukana, na Salvatori akiwa upande mmoja amemshika kiuno. Ndiyo, Salvatori. Alitoka chumbani bila kuitwa. Njiani nilimsikia anamwambia yule mzee, “Muzee, wadudu utaona, mais hawaumi. Mi nimewaona wote.” Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia tangu siku ya mrija, na hakuniambia mimi.

Baba wa kijana alipotoka hospitali alituma watu tena, na harusi ikafanyika. Wababa wawili walikunywa mutobe kwenye mtungi mmoja, mirija miwili, na Mzee Bonifasi akanung'unika mpaka mwisho kwamba dunia imeharibika. Anung'unike zake. Wageni wengine walikunywa bia, hakuna aliyewazuia, na mimi mwenyewe nilipika mtungi mmoja wa urwarwa kwa ajili ya siku hiyo, wa mwisho. Ulikuwa mzuri. Niliuonja kwanza mbele ya watu.

Msije kuniambia Salvatori amepona. Sisi nyumbani hatulisemi neno hilo. Kuna asubuhi anaamka na uso ule wa siku ya posa, nauona kabla hajafungua mdomo, na siku hiyo nampa kazi mpaka jioni, apasue kuni ambazo hatuzihitaji. Bado ananikasirikia wakati mwingine kwa ajili ya mrija ule. Akasirike. Ni hasira ya mtu aliye hai.

Sasa likizo inakuja, na ninyi mtakuja kutusalimia. Mama zenu watawaambia msiende kwa babu mikono mitupu, na mtapita dukani mkanunue kachupa kama adabu inavyotaka. Leteni chumvi. Leteni sabuni, leteni sukari, leteni hata maneno matupu. Atakayekuja na chupa nitaimwaga mlangoni mbele yake, awe mjukuu wa damu, awe padri, awe mkuu wa mtaa, halafu nitamkaribisha aingie ale. Msimwachie babu yenu Salvatori kazi ya kukataa. Atawashukuru, atanyoosha mkono, atapokea.

Atakayekataa ni mimi.